Maji Yaliingiaje Kwa Foili Yako? Kabla Umlaumu Aliyekuuzia, Soma Hii

Kaskazi ikianza kuvuma na watu wa Nairobi wakaanza kushuka Diani, Watamu na Kilifi na mabodi yamefungwa juu ya gari, kuna swali huwa halikosi. Mtu anauliza mbona bodi yake ya foili, ile inayopaa juu ya maji, imeingia maji na aliinunua ikiwa poa, akaikagua hapo kwake South C ikiwa kavu kabisa, akaipeleka baharini mara moja tu na sasa akiitingisha anasikia maji yanacheza ndani. Majibu ndio sasa kizaazaa. Mmoja anamwambia uliuziwa feki, mwingine anamwambia tia mchele, mwingine anasema ni chumvi ya bahari imekula raba, na mwenye swali anaenda kulala akiwa amechanganyikiwa zaidi.

Ukweli ni kwamba mara nyingi hiyo bodi haikuwa feki na bahari haikufanya kitu cha ajabu. Maji yalinyonywa ndani. Na kazi ya kuyanyonya ilianza mapema, huku huku Nairobi, mwenye bodi alipofunga kifuniko cha bodi vizuri kabisa akiamini anailinda.

Twende polepole. Foili, au haidrofoili kwa jina lake refu, ni bodi ambayo chini yake kuna mlingoti unaoshuka ndani ya maji, mara nyingi kati ya sentimita 60 na 90, na mwisho wa mlingoti kuna mabawa. Ukishika spidi yale mabawa yanabeba bodi juu ya maji, na kwa sababu maji ni mazito kuliko hewa kama mara 800 bawa dogo tu linatosha kumbeba mtu mzima. Nadhani wengi wetu tuliizoea kwa video za Olimpiki ya Paris 2024, pale mashindano ya kaiti na yale ya bodi za tanga yalifanywa kwa foili kule Marseille. Halafu kuna efoili, hiyo haihitaji upepo wala wimbi, iko na betri ndani ya bodi, mota chini kwa mlingoti na rimoti ya kushika mkononi.

Sasa mtu akisema "foili yangu imeingia maji" anaweza kuwa anaongelea vitu vitatu tofauti, na hapa ndio watu wanaanza kubishana bure kwa sababu kila mtu anajibu swali lake.

Ya kwanza wala si shida. Milingoti mingi ya aluminiamu iko wazi ndani kama bomba, maji yanaingia na yanatoka, kwa hivyo ukiisimamisha ukutani na ukaona dimbwi sakafuni usipige mtu simu usiku. Kuna mota pia ambazo zimetengenezwa maji yapite katikati, nyaya zake zimepakwa kitu cha kuzikinga na hayo maji ndio yanazipoza. Mota ya aina hiyo ukiifunga na gundi kila mahali ati unazuia maji, umeiua. Kitabu kilichokuja nayo kitakuambia ni ya aina gani.

Ya pili ni maji ndani ya bodi yenyewe. Bodi nyingi zimejazwa ile povu nyeupe ya polistairini inayopakiwa na TV mpya, halafu zikazungushiwa faiba au kaboni na kumwagiwa epoksi, ile gundi inayokauka ikawa ngumu. Ile povu ni punje punje zimegandana, na maji yakipata njia yanapita katikati ya punje na kukaa humo. Kutoka ni kazi.

Ya tatu ndiyo inaumiza mfuko, maji kwa boksi la betri, kwa konekta za kuunganisha nyaya, kwa kontrola inayoendesha mota.

Hizo mbili za mwisho zinaanza namna moja. Ni presha.

Kuna kitu kila mtu aliyesafiri Mombasa Road amekiona bila kukifikiria. Unanunua chupa ya maji Nairobi, unakunywa nusu, unaifunga kabisa, unaisahau kwa mlango wa gari. Ukifika Mariakani chupa imejikunja kama imefinywa na mtu. Hakuna aliyeifinya, ni hewa ya nje. Nairobi iko juu kama mita 1,800 na presha ya hewa hapa ni kama hektopaskali 820, kule Pwani ni kama 1,013. Hewa uliyoifungia ndani ya chupa bado ni ile nyepesi ya Nairobi, ya nje ni nzito, kwa hivyo ya nje inaikandamiza.

Bodi ya foili haijikunji kwa sababu ni ngumu. Lakini ile nguvu ya kuvuta kwenda ndani iko pale pale inangoja. Tofauti ya 820 na 1,013 ukiigeuza kuwa kina cha maji ni kama mita 2. Yaani boksi la betri ulilolifunga Kilimani ukalifikisha Diani bila kulifungua, likigusa maji tu ni kama limezama mita 2 tayari, na hata bado hujasimama juu ya bodi. Kama kuna mwanya mdogo mahali, hata ule wa unene wa unywele, maji yanavutwa. Na yanaendelea kuvutwa mpaka presha ya ndani ilingane na ya nje.

Na kwa watu wa efoili hii inawapata zaidi kwa sababu betri yenyewe huwezi kupanda nayo ndege ya abiria. Mashirika ya ndege hayataki betri ya lithiamu inayopita wati-saa 160, na betri nyingi za efoili zinapita 1,000. Kwa hivyo lazima ishuke na barabara, kilomita karibu 480, ikiwa imefungwa na hewa ya Nairobi ndani.

Ukirudi juu mambo yanageuka. Hewa ya Pwani ikifungiwa ndani ya bodi halafu ukapanda nayo Nairobi inataka kupanuka, inasukuma ngozi ya bodi kutoka ndani. Ukiona sehemu ya kukanyaga imefura kama imeota jipu, hapo faiba imeachana na povu. Mara nyingi mtu hata haoni. Anakuja kuona msimu unaofuata, maji yakiwa yamepata njia mpya.

Ndio maana bodi nyingi ziko na kaskrubu kadogo ka plastiki juu au kwa pembe, ka kupumulia. Watu wanadhani ni ka kutoa maji. Kazi yake ni kuacha hewa iingie na itoke, kwa hivyo ukisafiri na ukihifadhi unakaacha wazi, na unakafunga ukiwa ufukweni kabla tu ya kuingia. Bodi zingine ziko na kipande cha utando maalum kinachopitisha hewa na kukataa maji, hizo hazihitaji kufunguliwa, lakini ule utando ukizibwa na chumvi au mafuta ya jua unaacha kupumua na unarudi kwa shida ile ile. Boksi la betri nalo fungua mfuniko ukifika, liache kidogo lipate hewa ya hapo, kagua, funga.

Lakini usilifungulie kwa jua. Hii ni presha ya pili na inawashika hata watu wa Pwani wenyewe ambao hawajawahi kupanda Nairobi. Bodi nyeusi ikilala kwa mchanga wa Diani saa sita mchana hewa ya ndani inaweza kufika nyuzi 50 bila shida. Inapanuka, ikipata nafasi inatoka. Halafu unaitupa ghafla kwa maji ya nyuzi 27, hewa iliyobaki inapoa inasinyaa, na bodi inavuta pumzi ikiwa chini ya maji. Hiyo peke yake ni kama sentimita 70 za kina. Kwa hivyo hata kufunga kifuniko, fungia kivulini, na kama bodi imeshika joto imwagie maji kwanza kifuniko kikiwa wazi kimeelekea mahali maji hayawezi kuingia, ipoe, ndio ufunge.

Presha ya tatu ni spidi. Ukianguka ukiwa kilomita 30 kwa saa, maji yanayogonga mbele ya bodi yanasukuma kwa nguvu sawa na kina cha mita 3 na nusu hivi. Ni sekunde kidogo tu, lakini wanaojifunza wanaanguka sana.

Hapo sasa ndio ule ubishi wa IP67, ile alama ya kuonyesha kifaa kinazuia vumbi na maji kiasi gani, unakufa. Muuzaji anakuambia "boss hii ni IP67, haiingii maji kabisa." Tuichambue. Hiyo 6 ni vumbi, haiingii. Hiyo 7 inamaanisha kifaa kilizamishwa kwa maji ya kawaida, kina cha mita 1, kwa dakika 30, kikiwa kimetulia na maji yasiyo na tofauti kubwa ya joto na kifaa, na hakikudhurika. Hakuna chumvi hapo, hakuna kuanguka na spidi, hakuna kushushwa mita 1,800, hakuna jua la Diani. Na kilipimwa kikiwa kipya. IP67 si uongo, ila ni mtihani wa darasa la nne na wewe unakipeleka chuo kikuu.

Kuna kingine wengi hawajui. Hiyo 7 haimaanishi kinaweza kustahimili mrija wa presha, huo ni mtihani mwingine kabisa, wa namba 5 na 6, na ile mashine kali iko na yake ya 9. Kwa hivyo ukirudi Nairobi na bodi ina mchanga usiipitishe carwash pale kijana anapiga tope la gari na mashine. Ile mashine inasukuma maji kupita raba ambayo bahari yenyewe ilishindwa kuipita. Ndoo na kitambaa, ama mpira wa kumwagilia maua, inatosha.

Tukiongelea raba. Ile pete nyeusi inayozunguka kifuniko, mafundi wanaiita oringi, haifanyi kazi kama gundi. Inafanya kazi kwa kubanwa. Inakaa kwa mfereji wake, kifuniko kinaibana kidogo, na maji yakija na presha yanaisukuma izibe mwanya hata zaidi. Kwa hivyo kitu chochote kinachoizuia kukaa sawa kinatosha kuharibu mambo. Itoe na kidole au kijiti cha plastiki, si bisibisi. Ipitishe polepole katikati ya vidole viwili ukiwa umefumba macho, vidole vinaona kuliko macho, utasikia kama kuna mahali imekatika au imelala bapa. Halafu angalia mfereji ukiwa umeuinamisha kwa mwanga, tafuta punje ya mchanga, unywele, uzi wa taulo. Uzi mmoja wa taulo umelala juu ya oringi ni mfereji wa maji, na ukifunga kifuniko huwezi kuuona tena.

Grisi yake iwe kidogo, mpaka raba ing'ae tu. Watu wanadhani grisi ndio inazuia maji wanapaka kama siagi kwa mkate, na kinachotokea ni inashika mchanga. Na tafadhali achana na ile mafuta ya kujipaka. Kuna raba zinafura zikiguswa na mafuta ya petroli na kuna zingine, zile za silikoni, zinafura na grisi ya silikoni, kwa hivyo fuata kile mtengenezaji alisema hata kama fundi amekuapia. Ikiisha nguvu beba ile ya zamani mpaka maduka ya beringi na oil seal ya Kirinyaga Road wakupimie, na wapime unene na upana wote mbili, kwa sababu ya milimita 3 na ya 3 na nusu kwa mkono ni ndugu na kwa maji hawajuani. Ukihifadhi bodi acha kifuniko kikiwa hakijakazwa ili raba isizoee kulala bapa.

Haya, umefanya yote na bado maji yameingia. Ama hukufanya, tuko hapo.

Kama ni efoili, zima. Usiwashe "kuona kama inafanya," na usichaji, hata kama imekauka kwa macho. Maji ya bahari yako na chumvi kama gramu 35 kwa lita na yanapitisha umeme vizuri sana, na betri nyingi za efoili ziko karibu volti 50, kwa hivyo kila dakika umeme uko kwa mzunguko ukiwa na maji ya chumvi shaba inaliwa, halafu gesi pia inatoka. Ile rangi ya kijani unayoiona kwa konekta ndio hiyo kazi.

Betri yenyewe ichomoe na uipeleke nje, mahali wazi, juu ya simiti, mbali na nyumba na gari. Hapa sitanii kabisa. Betri ya lithiamu iliyoingia maji ya chumvi ndani ya seli zake inaweza kukaa kimya masaa mengi hata siku halafu iwake. Usiipakie kwa buti urudi nayo Nairobi usiku ati fundi wako yuko Luthuli. Ukiona inafura, inatoa moshi, inapiga mluzi au inapata joto, kaa mbali na upige 999 au 112. Na betri haifunguliwi nyumbani, hata na yule binamu yako anayejua simu.

Vitu vingine ambavyo si betri, kama konekta na kontrola, unavisuuza na maji matamu kwanza. Watu wanashangaa, ati niongeze maji? Ndiyo, kwa sababu maji yakikauka chumvi inabaki, na chumvi inavuta unyevu wa hewa tena na tena na kuendelea kula. Toa chumvi, halafu pitisha spiriti safi ya isopropili, halafu acha ikauke mahali penye hewa.

Mchele? Mchele hauvuti chochote kuliko hewa yenyewe, na unaacha unga na wanga kwa konekta. Pika ule.

Kama ni bodi iliyolewa maji, fungua kile ka kupumulia, iinamishe tundu likiwa chini, kivulini penye upepo, na uwe na subira ya wiki, si siku. Jua kali hapana, povu inapanuka na unapata jipu tena. Nunua ile mizani ya kupimia mizigo ya airport, uwe unaipima na kuandika. Uzito ukiacha kushuka ndio imekauka, si kabla. Kutafuta tundu pakaza maji ya sabuni, halafu mtu apulize na mdomo polepole kwa ka kupumulia, mapovu yatakuonyesha, na mara nyingi yatatokea pembeni ya yale mareli mlingoti unafungwa, kwa sababu watu wanakaza boliti kama za gurudumu la lori mpaka plastiki inapasuka. Petroli stesheni usiende, kompresa ya matairi itaipasua bodi mbele yako.

Kisha kuna kuziba, na hapa Nairobi tuko na mtego wetu. Mafundi wa faiba tunao wazuri sana, wale wa bodi za matatu na matangi, lakini resini wanayotumia kila siku ni ya poliesta, na ile iko na stairini. Stairini inayeyusha povu ya polistairini. Fundi anamwaga, anaona povu inazama kama barafu, anadhani shimo lilikuwa kubwa anaongeza ingine. Mwambie kabla hajaanza kwamba unataka epoksi, na kama hana, muachie nauli urudi na bodi yako. Silikoni ya madirisha nayo haishiki vizuri kwa hii kazi, na ile inayonuka kama siki inakula shaba ukiiweka karibu na nyaya, halafu kesho epoksi haitashika mahali silikoni ilipita.

Mwisho kama unanunua mtumba hapa mjini, na wengi wananunua hivyo kwa sababu mpya bei yake ni ya gari, enda na ile mizani. Tafuta uzito halisi wa modeli hiyo mtandaoni kabla hujaondoka nyumbani, halafu ipime mbele ya muuzaji bila mlingoti. Igonge na kifundo cha kidole kutoka mbele mpaka nyuma, mahali sauti inabadilika pabonyeze. Fungua boksi la betri unuse, maji ya bahari yaliyokaa yako na harufu yake, na uangalie skrubu za ndani kama zimeota kutu wakati anakuambia haijawahi kuguswa na maji ndani. Ikiwa na kilo 2 zaidi ya ilivyofaa na anakuambia hiyo ni kaboni ndio nzito, kaboni inawekwa ili iwe nyepesi, rudisha pesa mfukoni.